Oili chafu haina shida ya mnunuzi

Kila ikifika wiki ya mazingira, mafundi gereji hukumbushwa wasimwage oili chafu mtaroni. Mabango yanachapwa, mgeni rasmi anahutubia, picha zinapigwa, watu wanarudi kazini. Nadhani ujumbe huo unamlenga mtu asiyehusika sana. Ingia gereji yoyote ya mjini yenye wateja wa kutosha, utaliona pipa limesimama pembeni, jeusi hadi chini, na ukikaa kidogo atafika mtu na madumu yake kuulizia bei. Fundi mwenye akili timamu hamwagi kitu anachoweza kukiuza. Kinachomwagika kwake ni masalia tu: filta iliyotupwa na oili yake ndani, matambara, beseni lililojaa kupita kiasi mvua ikanyesha juu yake. Hayo nayo yana madhara. Lakini oili yenyewe inauzwa, inapakiwa, inaondoka, na hakuna anayeandika popote imekwenda wapi.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni mawili: ilikuwa na nini ndani ilipoondoka, na aliyeinunua anakwenda kuifanyia nini. La kwanza linaanzia dukani, kabla kopo halijafunguliwa.

Tukisema oili tunafikiria mafuta tu. Kwenye kopo la lita nne, robo tatu au zaidi ni mafuta ya msingi yaliyosafishwa kutoka mafuta ghafi au kutengenezwa kiwandani. Kilichobaki ni kemikali za nyongeza, na hizo ndizo zinazotofautisha oili ya injini na mafuta ya kulainisha bawaba za mlango. Zipo chumvi za kalisi na magnesi zinazoua asidi inayozaliwa fueli inapoungua. Ipo kemikali inayoshika chembe za masizi na kuziacha zikielea, zisishikane zikawa tope. Zipo polima zinazozuia oili isiwe nyepesi mno injini ikichemka, zipo za kuzuia povu, zipo za kuchelewesha oili isiozeshwe na oksijeni. Halafu kuna mchanganyiko wa zinki, fosforasi na salfa ambao wataalamu huuita kwa kifupi ZDDP. Umetumika tangu miaka ya 1940. Pale chuma kinapokandamiza chuma, kwenye kamshafti kwa mfano, kemikali hii hujenga utando wa unene wa kama nanomita 100 tu, na utando huo ndio unaolika badala ya chuma. Wanakemia bado wanahangaika kupata mbadala wake unaofanya kazi vizuri hivyo kwa bei hiyo.

Tatizo ni kwamba fosforasi hiyohiyo, oili inapopita kwenye ringi na kuungua, huenda ikatua kwenye kichujio cha gesi kilichomo ndani ya bomba la moshi na kukizima taratibu. Ndiyo maana daraja la ubora la SM, la taasisi ya mafuta ya Marekani iitwayo API, lilipoanza mwaka 2004, fosforasi ilibanwa isizidi asilimia 0.08 kwenye oili nyepesi za magari ya petroli. Oili ilianza kutungwa kwa kuiangalia injini na moshi kwa pamoja. Huku kwetu Tanzania, ambako vichujio hivyo hukatwa na kuuzwa kwa ajili ya platinamu na paladi iliyomo, kanuni hiyo imebaki kama pambo kwenye kopo.

Hapa niseme neno kuhusu rangi, kwa sababu watu wengi hudanganyika nayo. Oili kuwa nyeusi baada ya kilomita elfu moja si dalili kwamba imekufa. Mara nyingi ina maana ile kemikali ya kushika masizi inafanya kazi. Oili ya kuogopa ni ile inayobaki njano na safi huku injini ikijaa tope jeusi chini ya kava la valvu, maana uchafu wote imeuacha hukohuko ndani.

Sasa tuje dukani. Mteja wa kawaida hutazama mambo mawili: jina la kampuni na uzito, yaani oili inavyotiririka kwa wepesi au kwa shida. Uzito anaoujua ni 20W-50, au SAE 40 ya kupima kutoka kwenye pipa. Herufi W inahusu baridi: oili ya 20W hupimwa uwezo wake wa kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Dar es Salaam haijawahi kuona hata sifuri yenyewe, na hapo ndipo hoja ya mafundi wengi inapoanzia: baridi hatuna, joto tunalo, tuweke nzito. Si hoja ya kijinga. Injini iliyochoka, yenye nafasi kubwa kwenye beringi na ringi zilizolika, hula oili nyepesi na kutoa moshi wa bluu, na 20W-50 humpunguzia mwenye gari gharama ya kuongezea kila wiki. Nimewasikia wataalamu wa mitandaoni wakiwacheka mafundi kwa hili, na sioni cha kuchekesha.

Ila kwenye Toyota IST au Vitz ambayo injini yake bado nzima, mambo ni mengine. Mfumo wa VVT-i unageuza kamshafti kwa kutumia presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba na kichujio kidogo cha waya. Oili nzito huchelewa kufika huko asubuhi, na huongeza kidogo ulaji wa fueli siku nzima. Na hata uzito ukiwa sahihi, lipo jambo ambalo wengi hawalisomi kabisa: daraja la API. Herufi S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi. SA haina kemikali za nyongeza, na API yenyewe inaonya isitumike kwenye injini iliyotengenezwa baada ya mwaka 1930. SF haifai injini ya baada ya 1988. SP ilianza kutumika Mei 2020. Ukikuta kopo limeandikwa SF kwa herufi ndogo nyuma, na mbele kuna picha ya gari la mashindano likiwaka taa, ujue unauziwa teknolojia ya enzi za kaseti kwa ajili ya gari la mwaka 2005.

Hili lina uhusiano gani na mazingira? Lina uhusiano wa hesabu. Oili ya daraja la chini huchoka haraka, kwa hiyo fundi anaandika kwenye kile kikaratasi cha sevisi kilomita 3,000, na yuko sahihi kwa oili hiyo. Chukua IST ya teksi mtandao inayotembea kilomita 50,000 kwa mwaka. Injini yake inabeba kama lita 3.7 pamoja na filta. Ukibadilisha kila kilomita 3,000, gari hilo moja linazalisha lita 60 hivi za oili chafu kwa mwaka, na filta 16 au 17. Ukitumia oili nzuri na kubadilisha kila kilomita 7,500, ambazo ndizo Toyota huko Japani huzitaja kwa magari yanayofanya kazi ngumu, unashuka hadi lita 25 na filta saba. Kilomita 15,000 za matumizi ya kawaida sizitaji kwa makusudi. Foleni ya Ubungo si matumizi ya kawaida: injini inanguruma saa nzima, kilomita hazisogei, na oili inazeeka kwa saa.

Hata sababu moja ya zamani ya kubadilisha mapema imepungua nguvu. Dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, salfa ikiungua inazaa asidi ya salfuriki, na asidi inamaliza akiba ya zile chumvi za kalisi. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Ni punguzo la mara kumi. Vikaratasi vya sevisi havikupata taarifa.

Bodaboda ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu hakuna anayemhesabu. Pikipiki ya cc 125 au 150 inabeba kama lita moja. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, akibadilisha kila kilomita 2,000, anamaliza lita 15. Ni zaidi ya mwenye gari la familia la kwenda kazini na kanisani, ambaye kwa kilomita 12,000 na oili nzuri hafikishi lita nane. Na lita za bodaboda hutoka moja moja, chini ya mwembe, kwenye kijiwe kisicho na pipa, zikikingwa kwenye kidumu cha maji kilichokatwa. Kama kuna oili inayoishia kweli ardhini, basi ni hii.

Oili ya pikipiki nayo ina mateso yake. Injini, klachi na gia vyote vinaogelea kwenye oili moja. Meno ya gia hukatakata zile polima zinazotunza uzito, na baada ya muda 20W-50 inakuwa nyepesi kuliko jina lake. Klachi nayo inahitaji msuguano: ukiweka oili ya gari iliyotiwa kemikali za kupunguza msuguano, itateleza. Wajapani waliweka kiwango chao kwa ajili hiyo, JASO MA, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na herufi hizo zipo kwenye makopo mengi yanayouzwa hapa. Nimeona kijana wa kijiweni akiwaeleza wenzake jambo hili kwa ufasaha ambao muuza duka hana.

Halafu kuna zile chupa ndogo. Dawa ya injini, ya kuongeza nguvu, ya kuzuia moshi, ya kupaka chuma utando usiolika milele. Muuzaji anasimama kwenye foleni, ameshika injini ndogo ya maonyesho inayozunguka bila oili. Historia ya chupa hizi huko zilikotoka haipendezi. Slick 50, iliyouzwa kwa wingi Marekani ikiwa na PTFE, yaani ule unga mweupe wa vikaango visivyogandisha, ilishtakiwa na tume ya kusimamia biashara ya huko, FTC, kwa kutangaza ulinzi usio na ushahidi, na mwaka 1997 wakafikia makubaliano. Tume ilieleza kwamba injini nyingi zinalindwa vya kutosha na oili ya kawaida iliyopendekezwa na mtengenezaji. Baadaye zilifuata kampuni nyingine, Dura Lube ikiwemo.

Mwenye gari akipoteza hela yake kwa dawa hizo ni juu yake. Kinachonihusu ni kwamba baadhi ya dawa hizo zina mafuta ya klorini. Klorini hupunguza kweli msuguano kwenye kipimo cha kuonyesha watu barabarani, kile cha chuma kukandamizwa kwenye beringi, na ndiyo maana wauzaji wanaipenda. Ndani ya injini yenye joto na unyevu inaweza kuzaa asidi ya haidrokloriki. Na inapoishia kwenye pipa la oili chafu inalichafua pipa zima, maana oili yenye klorini ikichomwa kwenye moto hafifu inaweza kutoa dioksini, sumu kali isiyooza upesi. Mafuta ya klorini ya mnyororo mfupi yaliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza. PTFE nayo ni mmoja wa ukoo wa kemikali za florini ambazo haziozi. Chupa moja ya mililita 400, mtu mmoja ameinunua kwenye foleni, inaweza kuharibu biashara ya urejelezaji ya pipa zima la lita 200.

Turudi kwenye pipa. Ndani yake sasa kuna kila kitu kilichokuwa kwenye kopo, pamoja na vilivyoongezwa na injini: chembe za chuma, shaba na alumini, petroli isiyoungua, maji, masizi, na haidrokaboni za pete nyingi kama benzopireni, ambazo karibu hazimo kwenye oili mpya na huongezeka kadiri inavyotumika. Panya waliopakwa oili chafu ngozini kwenye majaribio walipata uvimbe wa saratani. Fundi anayenawa oili kwa petroli halafu anaendelea na kazi bila glavu anajitia kitu hicho kila siku kwa miaka 30.

Wanunuzi wa pipa hilo ninaowafahamu ni wa aina kadhaa. Mfyatua matofali anaipaka kwenye fomu ili tofali litoke bila kushika. Fundi paa anaipaka kwenye kenchi na nguzo kufukuza mchwa, na kwa kweli mchwa hukimbia. Mfugaji humpaka ng'ombe au mbwa mwenye upele, jambo ambalo daktari yeyote wa mifugo atakwambia uache leo. Wayeyusha alumini wanaotengeneza sufuria wanaipuliza kwenye tanuri kama fueli, na moshi wake, wenye zinki na fosforasi na chochote kingine, unatanda kwenye nyumba za jirani. Wengine huichuja, wakaisafisha rangi, ikarudi sokoni ndani ya kopo jipya. Huyu wa mwisho ndiye anayesababisha injini yako inoki bila wewe kujua kwa nini.

Wapo pia wanaoimwaga barabarani kuua vumbi. Hapo ningeomba watu wakumbuke Times Beach, mji mdogo wa jimbo la Missouri, Marekani, wenye wakazi kama 2,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji huo haukuwa na hela ya lami, ukamlipa mkandarasi anyunyize oili chafu kwenye barabara zake za vumbi. Mkandarasi huyo alikuwa pia anachukua taka za kiwanda kimoja cha kemikali, na alizichanganya humohumo. Taka hizo zilikuwa na dioksini. Mafarasi walikufa kwenye viwanja vingine alivyonyunyizia. Mwishoni mwa 1982 mafuriko yalipita, na Februari 1983 serikali ya Marekani ikatangaza kuununua mji mzima na kuhamisha watu. Leo pale ni bustani ya mapumziko. Oili ya injini peke yake isingefikisha mambo huko. Yalifika kwa sababu pipa la oili chafu linapokea chochote na halina maswali, na weusi wake unaficha kila kitu.

Hiyo ndiyo sababu nasema bei ndiyo inayoamua. Sheria tunazo. Oili chafu ni taka hatarishi kwa Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka za sumu, kundi Y8, na Tanzania ni mwanachama. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi chini yake, na wanaokusanya na kusafirisha wanatakiwa wawe na kibali. Mwenye madumu na guta hana kibali, hatakiomba, na ndiye anayefika gereji kwanza akiwa na fedha taslimu. Mwenye lori na kibali anafika baadaye, anatoa risiti, na mara nyingi anatoa hela pungufu kwa sababu amelipia kibali.

Na oili hiyo ina thamani kubwa kuliko anayolipa mfyatua matofali. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linatoa hesabu hii: kupata lita 2.4 hivi za oili mpya unahitaji pipa zima la mafuta ghafi, lita 159; au unahitaji lita 3.8 tu za oili chafu ukiisafisha upya. Si kwa kuchuja kwenye kitambaa. Ni kwa kuivukiza ndani ya ombwe na kuipitisha kwenye haidrojeni, mtambo wa gharama ambao hauwezi kufunguliwa bila uhakika wa kupata malighafi kila siku. Mpaka mtambo huo uje, tanuri la saruji ni afadhali kuliko tanuri la sufuria: linafika nyuzi 1,450, na metali nyingi hufungwa ndani ya klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, badala ya kwenda angani.

Wajerumani walilitatua hili kwa sheria ya mwaka 1968: tozo kwenye kila kilo ya oili mpya, fedha zikaenda kwa wakusanyaji wa oili chafu. Baadaye wakamlazimisha muuzaji apokee bure kiasi kilekile alichouza. Afrika Kusini, ambayo haiko mbali na sisi hivyo, ina mfuko wa kukusanya oili chafu uitwao ROSE tangu 1994, unaogharamiwa na kampuni za vilainishi zenyewe. Kenya iliweka wajibu wa mzalishaji kwenye sheria yake ya taka ya 2022. Hapa oili karibu yote inapita kwenye milango michache: bandari na viwanda vya kuchanganyia, vyote vikijulikana na shirika la viwango, TBS, na msimamizi wa nishati, EWURA. Kutoza hapo ni rahisi kuliko kumkimbiza kila fundi wa Tandika.

Pingamizi nalijua. Oili itapanda bei, na bodaboda ndiye atakayelipa. Ni kweli, ila angalia inarudi kwake kwa njia gani: akipeleka lita yake chafu kijiweni alipwe hapo hapo, taslimu, zaidi ya anachotoa mfyatua matofali. Gereji yenye pipa la lita 200 nayo hivyohivyo. Mwenye guta asifukuzwe, apewe kadi na kipimo, awe wakala, kwa sababu anazijua gereji zote kuliko ofisi yoyote. Pingamizi ninaloliona zito ni jingine: tozo za namna hii tumewahi kuziona zikiingia mfuko mkuu zisitoke. Kwa hiyo fedha hizo zikae kwenye akaunti ya wenye viwanda na wauzaji, zikaguliwe na serikali, zilipwe kwa lita iliyopimwa na kujaribiwa klorini langoni. Pipa lenye klorini lisilipwe hata shilingi, na mwenye gereji aelezwe sababu. Baada ya mara mbili ataanza mwenyewe kuwauliza wateja wake waliweka nini kwenye injini.